JAJI WA RUFANI HAKUMWONA SHAHIDI
Jinsi hukumu za mahakama za wilaya zinavyopitiwa katika Marekani

Muhula uliopita nililetewa kesi ya ndoo. Mimi ni kiranja wa bweni. Jioni moja wavulana wawili wa Kidato cha Kwanza walikuja kwangu wameshika ndoo moja ya bati, kila mmoja akisema ni yake. Nilimsikiliza wa kwanza, naye akaeleza vizuri kwa sauti ya utulivu. Wa pili alikuwa akilia. Alisema anaye shahidi, mwenzake waliyesafiri naye kutoka kwao. Lakini mimi nilikuwa na hesabu za kumaliza kabla ya kengele ya kulala, nikasema, "Imetosha. Ndoo ni ya huyu, na wewe utafagia bweni siku saba."

Asubuhi mtoto yule alikwenda kwa mwalimu wetu wa bweni. Mwalimu akaniita. Hakuniuliza ndoo ni ya nani. Aliniuliza jambo moja tu: "Bwana kiranja, shahidi wake alisema nini?"

Nikajibu, "Sikumwita, Mwalimu."

"Basi hukumu yako naifuta. Rudi ukaisikilize kesi upya."

Nilitoka pale na uchungu, maana niliona nimeaibishwa mbele ya wadogo. Tena nilishangaa: ikiwa Mwalimu ameona nimekosa, mbona asiamue mwenyewe, naye ana mamlaka kunishinda? Siku ya pili nilimwuliza. Alicheka, akanipa kitabu kielezacho mahakama za Marekani, akaniambia nisome sura ya rufani, na nikiisha kuelewa niwaandikie wenzangu katika gazeti letu. Ndiyo asili ya makala haya.

NGAZI TATU

Marekani ni nchi ya majimbo 50 yaliyoungana. Kila jimbo lina mahakama zake, na serikali ya shirikisho, yaani serikali ya muungano wote, nayo ina mahakama zake. Hapa nitasema habari za hizo za shirikisho tu. Hizo husikiliza kesi zihusuzo Katiba ya nchi, sheria za muungano, na baadhi ya madai makubwa baina ya watu wa majimbo mbalimbali.

Ngazi ya chini ni Mahakama za Wilaya. Msomaji asidhani wilaya hizo ni kama wilaya zetu. Wilaya moja ya mahakama huko yaweza kuwa jimbo zima. Zipo 94 kwa jumla. Kila jimbo lina moja au zaidi, na jimbo kubwa kama Texas lina 4. Kwa kawaida jaji mmoja ndiye huendesha kesi.

Ngazi ya pili ni Mahakama za Rufani, nazo ni 13. Kumi na moja hutajwa kwa namba, na kila moja hupokea rufani za majimbo kadhaa. Kwa mfano, ile ya Nne hupokea rufani za Maryland, Virginia, West Virginia, North Carolina na South Carolina. Ya kumi na mbili ni ya mji mkuu, Washington, na ya kumi na tatu ni ya mambo maalumu, kama haki za wavumbuzi. Wamarekani huziita mahakama za mzunguko, na jina hilo lina historia. Zamani majaji wa mahakama ya juu walilazimika kusafiri kwa farasi na magari ya farasi, wakizunguka majimbo kusikiliza kesi. Mahakama za Wilaya zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1789, lakini Mahakama za Rufani kama zilivyo sasa zilianzishwa mwaka 1891.

Ngazi ya tatu ni Mahakama ya Juu Kabisa, yenye majaji 9. Hiyo hupelekewa maombi kwa maelfu kila mwaka, nayo husikiliza kesi chini ya 100. Kwa hiyo, kwa watu wengi sana, neno la Mahakama ya Rufani ndilo neno la mwisho.

Jambo moja lilinipendeza. Karibu majaji wote wa ngazi hizo tatu huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Seneti, nao hukaa kazini maisha, maadamu mwenendo wao ni mwema. Mshahara wao haupunguzwi wangali kazini. Basi jaji wa wilaya si mtumishi wa jaji wa rufani. Jaji wa juu aweza kuitengua hukumu yake, lakini hawezi kumfukuza kazi.

KAZI YA MAHAKAMA YA WILAYA

Wazee walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Mahakama ya Wilaya ndipo mahali ambapo ngoma huwambwa. Hapo mashahidi huapishwa, huulizwa na wakili wa upande wao, kisha huulizwa tena na wakili wa upande wa pili ili kuujaribu ukweli wao. Kila neno huandikwa.

Mwisho wa yote hapana budi kujibu maswali mawili. La kwanza: ni jambo gani lililotokea? La pili: sheria yasemaje juu ya jambo hilo? Tuchukue mfano wa lori lililogonga baiskeli. Kama dereva alikuwa akienda mbio au hapana, hilo ni swali la mambo yaliyotokea. Kama sheria yamlazimisha mwenye lori kulipa kwa ajili ya kosa la dereva wake, hilo ni swali la sheria.

Katika kesi nyingi swali la kwanza huamuliwa na baraza la raia walioapishwa, ambao katika kesi za jinai ni 12. Pasipo baraza, jaji huamua yote mawili peke yake. Na katika kesi za madai yampasa aeleze mbalimbali: haya ndiyo niliyoona yametokea, na hii ndiyo sheria niliyoifuata. Msomaji alishike sana jambo hili la kutenganisha, maana ndilo ufunguo wa rufani.

KUKATA RUFANI

Aliyeshindwa aweza kukata rufani, lakini kuna masharti.

Kwanza, awahi. Katika kesi za madai siku ni 30. Ikiwa serikali ya Marekani ni mmoja wa wenye kesi, siku ni 60. Mshtakiwa wa jinai ana siku 14 tu. Majuto ni mjukuu.

Pili, kwa kawaida angoje hukumu ya mwisho. Hawezi kupanda juu kila jaji anapotoa neno asilolipenda, ila kwa mambo machache yaliyotajwa na sheria, kama amri ya kumzuia mtu asitende jambo fulani.

Tatu, awe alilalamika palepale. Wakili aliyenyamaza kosa lilipofanyika mbele yake, akangoja mpaka ameshindwa ndipo apige kelele, kwa kawaida husikilizwa kwa shida sana.

Nne, iko kesi isiyokatiwa rufani kabisa. Mshtakiwa wa jinai akionekana na baraza la raia kuwa hana hatia, serikali haiwezi kukata rufani ili ahukumiwe tena. Katiba yao yakataza mtu kuhatarishwa mara mbili kwa kosa lile lile.

Rufani ikifika juu, majaji 3 hukaa pamoja. Hakuna shahidi anayeitwa, wala ushahidi mpya haupokewi. Mbele yao yako mambo mawili tu: mwenendo wa kesi ulioandikwa kule chini, na hoja za mawakili kwa maandishi. Pengine mawakili huitwa kusema kwa mdomo, kila upande dakika chache. Na kesi nyingi huamuliwa bila hata hayo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Mwalimu. Mimi nilidhani rufani ni kuisikiliza kesi mara ya pili mbele ya mkubwa zaidi. Kumbe sivyo. Mahakama ya Rufani haiulizi, "Nani ana haki?" Yauliza, "Je, yule wa chini alikosea, na kosa lenyewe ni la namna gani?"

MIZANI TATU

Majaji wa rufani hawapimi kila kosa kwa mizani moja. Wana mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni ya maswali ya sheria. Hapa jaji wa juu hamwogopi wala hamstahi wa chini. Huisoma sheria upya kana kwamba hakuna aliyeisoma kabla yake. Sababu ni nyepesi: kitabu cha sheria ni kile kile juu na chini, na majaji watatu waliotulia huweza kukisoma vizuri kuliko mmoja mwenye haraka. Tena sheria yapasa iwe moja kwa watu wote wa majimbo yale.

Mizani ya pili ni ya mambo yaliyotokea. Hapa jaji wa juu hujizuia sana. Hawezi kuyapindua aliyoyaona jaji wa wilaya ila kosa liwe dhahiri, yaani baada ya kuusoma mwenendo wote abaki na imani thabiti kwamba kosa limefanyika. Na yale yaliyoamuliwa na baraza la raia ni magumu zaidi kupinduliwa.

Mizani ya tatu ni ya mambo yaliyoachwa kwa busara ya jaji: kuahirisha kesi au kutoahirisha, kuruhusu swali fulani au kulikataza. Katika hayo majibu mema yaweza kuwa zaidi ya moja. Jaji wa juu huingilia tu ikiwa wa chini ameitumia vibaya hiari yake, akavuka mipaka ya busara.

Zaidi ya hayo, kosa lisilodhuru haliivunji hukumu. Ikiwa jaji alikosea jambo dogo ambalo halikugeuza matokeo, hukumu husimama.

Mwisho majaji hutoa neno. Huweza kuithibitisha hukumu, au kuitengua, au kuirekebisha, au kuifuta na kuirudisha kesi chini ili isikilizwe tena kwa njia iliyo sawa.

MWALIMU WA BESSEMER CITY

Sasa tutazame kesi moja ya kweli. Mwaka 1975 mji mdogo wa Bessemer City, katika North Carolina, ulitafuta mtu wa kusimamia michezo na burudani za mji. Kamati ya kuchagua ilikuwa na watu 5, wanaume 4 na mwanamke 1. Waombaji walikuwa 8, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Bibi Anderson, mwalimu wa umri wa miaka 39. Kazi alipewa kijana mwanamume wa miaka 24 aliyemaliza chuo karibuni. Bibi Anderson akashtaki, akisema amenyimwa kazi kwa sababu ni mwanamke, jambo lililokatazwa na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964.

Jaji wa wilaya alisikiliza mashahidi. Aliona kwamba mama yule alistahili zaidi, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyeulizwa kwa dhati kama mumewe angekubali afanye kazi usiku na kusafiri. Akampa haki.

Mji ukakata rufani. Mahakama ya Rufani ya Nne iliusoma mwenendo ule ule ikaona vingine. Ilisema mbona hata kijana yule aliambiwa neno juu ya mke wake, kwamba bibi arusi wake hatajali? Basi wote waliulizwa sawasawa. Ikaitengua hukumu.

Bibi Anderson akapanda hadi Mahakama ya Juu Kabisa. Tarehe 19 Machi 1985, miaka 10 baada ya kuomba kazi ile, alishinda. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba Mahakama ya Rufani ilivuka mpaka wake. Jaji wa wilaya alikuwa amemsikia kwa masikio yake yule mjumbe wa kamati aliyetamka neno lile la bibi arusi, naye aliona halikuwa swali la dhati. Neno la mzaha na neno la kweli huandikwa kwa herufi zile zile. Karatasi haionyeshi tabasamu. Ikiwa mwenendo waweza kusomwa kwa njia mbili, na zote mbili zina akili, basi njia aliyoichagua jaji wa chini haiwezi kuitwa kosa dhahiri, hata kama jaji wa juu angechagua nyingine.

Mahakama ilitoa na sababu nyingine. Jaji wa wilaya huyapima mambo ya namna hii kila siku, hata amepata ustadi. Tena wenye kesi wamekwisha kutumia nguvu na mali zao kumshawishi yeye. Si haki kuwalazimisha kuanza tena mbele ya watu watatu wengine. Kesi ya kwanza ndiyo shughuli yenyewe, si mazoezi ya shughuli.

WAZAZI WA TOPEKA

Huenda msomaji akasema: ikiwa majaji wa juu hujizuia hivyo, rufani yafaa nini? Jibu liko katika kesi ya pili, inayotuhusu sana sisi wanafunzi.

Mwaka 1951 wazazi Weusi wa mji wa Topeka, jimbo la Kansas, walishtaki kwa sababu watoto wao walizuiwa kusoma shule moja na watoto Weupe. Kwa kuwa sheria ya jimbo ilipingwa kwa Katiba, kesi ilisikilizwa na majaji 3 wa mahakama ya wilaya, na kwa kanuni ya wakati ule rufani yake ilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu Kabisa. Majaji wale watatu waliona mambo mawili. Majengo, masomo na walimu wa shule zile vilikuwa karibu sawa. Lakini waliona pia kwamba kule kutengwa kunawadhuru watoto Weusi, kunawafanya wajione duni na kuwapunguzia hamu ya kujifunza. Hata hivyo wazazi walishindwa. Kwa nini? Kwa sababu Mahakama ya Juu Kabisa ilikuwa imesema mwaka 1896 kwamba kutenganisha si kosa maadamu pande zote zina usawa, na jaji wa chini hana ruhusa ya kulipindua neno la juu.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu Kabisa ilitoa hukumu, majaji 9 kwa sauti moja. Haikubishana na mambo waliyoyaona majaji wa Kansas. Iliyachukua, hata ikayanukuu. Ilichokigeuza ni sheria: katika elimu ya watu wote, shule za kutengana haziwezi kuwa sawa. Kisha mwaka 1955 ilizirudisha kesi za namna hiyo kwa mahakama za chini, ambako majaji wa wilaya walikuwa karibu na watu na kuzijua shida za mahali, ili wasimamie utekelezaji. Utekelezaji ulichukua miaka mingi, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa.

Mkuu wa mawakili wa wazazi hao alikuwa Thurgood Marshall. Mwaka 1960 bwana huyu alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba yao. Baadaye akawa jaji wa rufani, na mwaka 1967 akawa Mwafrika-Marekani wa kwanza kuingia Mahakama ya Juu Kabisa. Alikuwa mmoja wa wale 9 waliompa haki mwalimu wa Bessemer City. Hivyo mtu aliyeomba wakubwa waigeuze sheria ndiye yule yule aliyekubali kwamba wakubwa wasiyaguse mambo wasiyoyaona.

Hayo mawili hayapingani. Juu ya sheria, mkubwa na aseme kwa nguvu. Juu ya yaliyotokea, asiyekuwapo na lake halipo.

MWISHO WA KESI YA NDOO

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa kazi niliyoachiwa. Niliwaita wale wavulana wawili, nikachukua daftari, nikaandika kila neno. Shahidi alikuja. Alisema alimwona mwenzake akinunua ndoo njiani, ya ukubwa ule ule. Lakini nilipomwuliza kama ilikuwa na alama, hakukumbuka. Mvulana wa kwanza alisema, kabla hatujaigeuza ndoo, kwamba chini yake kuna tundu lililozibwa na fundi. Tuligeuza, tukaliona. Wa pili alijibu kwamba mwenzake aliona tundu lile kisimani. Niliwatazama wote watatu kwa muda mrefu. Nikaamua tena kwamba ndoo ni ya wa kwanza. Ila adhabu niliiondoa, maana niliona yule wa pili anayaamini anayoyasema, na ndoo za bati hufanana.

Alikwenda tena kwa Mwalimu, kama ilivyokuwa haki yake. Mwalimu aliyasoma maandishi yangu yote, kisha akaniita.

"Mimi kwa kusoma tu," alisema, "huenda ningempa yule wa pili. Lakini wewe ndiwe uliyewatazama nyuso, na safari hii uliwasikiliza wote. Hukumu yako naithibitisha."

Mpaka leo sina hakika kamili kwamba niliamua sawa. Ndoo ya mtoto yule, kama ilikuwapo nyingine, haijaonekana. Lakini juzi alinikuta kisimani, akaniamkia, akaniambia kwamba hakufurahi kushindwa, ila amefurahi kwamba rafiki yake aliitwa akasema. Sisi viranja tuna desturi ya kuona haya hukumu zetu zikifutwa. Mimi naona haya kwa ile ya kwanza, niliyoitoa kwa kuikimbilia kengele.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne